Makabidhiano ya Saa Nane

Mkurugenzi hakumpa mpelelezi kiti. Mbele ya meza yake kulikuwa na viti viwili. Kimoja alikuwa amekilazia mkoba wake, na cha pili kilikaliwa na sajini wa polisi aliyetulia kama mtu aliyekuja kuposa. Mpelelezi akasimama.

"Saa kumi," alisema Mkurugenzi. "Ikifika saa kumi jioni, sajini huyu anaondoka na mtu. Kwako nataka karatasi moja tu yenye sahihi yako, inayosema kwamba mtu huyo ndiye."

"Mtu gani?"

"Usinichezee shere. Jengo zima linajua ni mtu gani."

"Kama jengo zima linajua, mimi mmeniitia nini?"

Sajini alicheka kwa pua. Mkurugenzi hakucheka.

Waliowahi kuchunguzwa na mpelelezi huyu walimbandika jina la Kupe, kwa kuwa akishashika ngozi ya jambo habanduki mpaka ashibe. Alilijua jina hilo na halikumchukiza. Kazi yake ilikuwa ya namna yake: kompyuta kubwa za mashirika zilipougua na watu wakaanza kunyosheana vidole, aliitwa yeye aje aseme ugonjwa ni nini na nani kauleta.

Hapa palikuwa kituo cha kupokea simu za dharura. Mtu akipiga simu kwamba mwenzake kaanguka, mpokeaji huandika jina la mtaa, seva hutafuta anwani katika kanzidata, na gari la wagonjwa lililo karibu huamriwa liende. Kazi hiyo ilipaswa kwisha kabla mpigaji hajavuta pumzi ya pili. Lakini kwa muda mrefu sasa, skrini zilikuwa zikiganda. Jumanne iliyopita mwalimu mmoja alianguka kwenye ngazi za shule yake, simu ikapigwa, jina la mtaa likaandikwa, na anwani haikutokea. Gari lilizunguka mitaa mitatu likitafuta geti. Lilipofika, mwalimu alikuwa ameshakata roho.

"Ushahidi wenu ni upi?" aliuliza Kupe.

"Ubao." Mkurugenzi alielekeza kidole chini, maana chumba cha simu kilikuwa ghorofa ya chini. "Ubao ule unaonyesha kumbukumbu ya seva imeliwa kiasi gani. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Kila siku mtunza kanzidata anapokaa kule chini kwenye zamu ya mkuu aliye mgonjwa, anatuachia ubao mwekundu. Kila siku! Wenzake wanakabidhi kijani. Sasa nieleze wewe bingwa, ni nini kinachokula kumbukumbu yote hiyo? Mwanamke yule ana shughuli zake za siri mle ndani."

"Shughuli gani?"

"Hilo ndilo ulilolipiwa kulijua. Nenda."

Kupe alitoka. Huku nyuma alimsikia sajini akiuliza kama hapo ofisini chai hupatikana, na Mkurugenzi akijibu kwamba haipatikani.

*

Chumba cha seva kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, kidogo, baridi, kikivuma kama mzinga. Mtunza kanzidata alikuwa ameketi ndani yake amevaa koti la sufu. Kwa ulimi wake walimwita Sindano, na hakumchelewesha mgeni kuujua ulimi huo.

"Umekuja kunisomea hukumu au kunipima pingu?"

"Nimekuja kuangalia mashine."

"Wote walikuja kuangalia mashine. Wakaishia kuniangalia mimi." Alisukuma kiti kwa mguu. "Kaa. Usiguse kitu mpaka nikuruhusu."

Kupe alikaa. Hakupenda kutanguliwa na maneno, kwa hiyo alitanguliza kazi. Kitu cha kwanza alichotafuta ni mwizi. Kama kuna programu ya siri inayokula kumbukumbu, lazima ionekane kwenye orodha ya kazi zinazoendelea, maana hakuna mlaji asiyeacha makombo. Alizipanga kazi zote kuanzia yenye tumbo kubwa mpaka ndogo, akazijumlisha moja moja. Kanzidata, mfumo wa simu, ulinzi, nakala za akiba. Zote pamoja hazikufika nusu ya kumbukumbu ya mashine. Na bado kipimo kilikuwa chekundu.

Alitafuta tena, safari hii kwa njia nyingine, asije akawa anaonyeshwa orodha iliyochakachuliwa. Jibu likawa lile lile.

"Hakuna mwizi," alisema.

"Hongera. Mimi nililisema hilo zamani, nikaambiwa nisimfundishe mkubwa kazi."

"Nusu ya pili ni mashine yenyewe. Imeshikilia ilichokwisha kusoma diskini, ili kikihitajika tena isirudi kukichimbua upya."

"Kwa hiyo wekundu ule ni nini?"

"Ni shibe," alisema Kupe. "Mashine yenye afya hujaza kumbukumbu yake. Kazi mpya ikihitaji nafasi, hupishwa. Waliopaka rangi ubao wenu walipaka bila kuuliza."

Sindano alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu. Lakini hakulainika. "Basi andika hivyo, tuagane."

"Siandiki. Mwalimu amekufa. Kipimo kikiwa kizima haimaanishi kwamba skrini hazikuganda. Ziliganda saa ngapi?"

"Baada ya saa nane mchana. Siku nyingine asubuhi pia, zamu zikipishana. Lakini siyo kila siku."

Kupe aliandika jina la mtaa wowote kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza. Anwani ilitokea papo hapo, na kipimo kikiwa chekundu vile vile. Akaandika wa pili, wa tatu. Zote zilikuja kama maji ya bomba. Kisha akafungua michoro ya wiki iliyopita, ile inayoonyesha ni mara ngapi seva ilijibu kutoka kumbukumbu na ni mara ngapi ililazimika kushuka diskini. Akaiendea Jumanne. Mpaka karibu na saa nane mstari wa diski ulikuwa umelala chini. Ghafla ukasimama wima kama mlingoti, na mstari wa kumbukumbu ukaanguka. Ulichukua muda mrefu kurudi.

"Hapa," alisema. "Kumbukumbu imebaki tupu. Yote. Kila jina la mtaa likawa linatafutwa upya kwenye diski, na wapokeaji, kwa kuona kimya, wakabonyeza tena na tena. Foleni juu ya foleni. Nani aliyeimwaga?"

"Ungekuwa unajua kusoma ungeona nimeshaitafuta." Alimsogezea skrini ya pili. "Mashine huandika yenyewe kila huduma inapozimwa au kuwashwa. Hakuna iliyozimwa. Nikasema labda aliyekuwepo kabla yangu aliacha kazi ya kujiendesha yenyewe kila saa nane. Nimepekua seva nzima, shimo kwa shimo. Hakuna."

"Kazi ya kujiendesha ingekuja kila siku. Hii inaruka siku."

"Najua inaruka siku."

"Inaruka siku zipi?"

"Siku nilizoshika zamu mimi."

Kupe aliikagua michoro tena, siku kwa siku. Ilikuwa kweli. Siku ambazo mwanamke huyu aliacha ubao mwekundu, simu zilipita kama sindano kwenye hariri. Zilizofuata ubao wa kijani ndizo zilizokwama.

"Umewahi kushuka chini saa nane, ukasimama ukaangalia wanafanya nini?"

"Siku isiyo zamu yangu, chini siendi saa nane."

"Kwa nini?"

"Sababu zangu."

"Mama, saa kumi unafungwa pingu. Sababu zako zitakufaa nini mahabusu?"

Alivuta koti lake. "Zamu inayoisha saa nane ni ya wifi yangu. Mimi na yeye hatuingii mlango mmoja. Tangu msiba wa mama mkwe hatujasalimiana. Nikishika zamu, nashika siku ambayo hayupo. Umeridhika?"

"Bado. Saa nane nani mwingine huigusa seva?"

"Mkurugenzi. Huvuta ripoti yake ya siku saa hiyo hiyo. Lakini huyo nenda mwenyewe ukamuulize, mimi shingo yangu iko kwenye kamba tayari."

*

Kupe alilirukia jambo hilo kwa sababu lilinukia vizuri. Ripoti kubwa yenye kusoma kanzidata nzima inaweza kabisa kusukuma nje kila kilichomo kwenye kumbukumbu. Na mkubwa anayetaka mtu akamatwe haraka huwa ana lake.

Mkurugenzi alimsikiliza huku mshipa wa shingo ukimtuna.

"Mimi? Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nauliza ripoti unaivuta kutoka wapi."

"Kutoka seva ya nakala! Ile ya pembeni, isiyoguswa na simu. Unafikiri mimi mjinga?" Alitupa kalamu mezani. "Na hiyo Jumanne sikuwa hapa, nilikuwa safarini, ripoti sikuivuta. Muulize dereva wangu. Muulize mke wangu. Muulize hata sajini, tulipanda ndege moja."

"Ni kweli," sajini alisema. "Alilala njia nzima. Anakoroma."

Kupe alithibitisha kwenye seva ya nakala. Mkurugenzi hakusema uongo. Njia hiyo ilifungwa, na saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa saba.

"Umebakiza muda mfupi, Kupe," Mkurugenzi alimwambia, akilitumia jina hilo makusudi. "Andika karatasi."

"Kupe huwa haandiki kabla hajanyonya," alisema mpelelezi, akashuka ngazi.

*

Chumba cha simu kilikuwa kirefu, kisicho na dirisha, na meza zake zilipangwa kama madawati ya shule. Ukutani juu ya meza ya mkuu wa zamu ndiko ulikokuwa ubao: skrini pana yenye mwamba mmoja wa rangi, mstari mnene unaopanda na kushuka. Ulikuwa mwekundu wakati huo. Chini yake lilibandikwa tangazo lililopigwa chapa kwa herufi kubwa: ZAMU ISIYOKABIDHI KIJANI ITAJIELEZA. Sahihi ilikuwa ya Mkurugenzi.

Mkuu wa zamu alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, aliyefunga kilemba kilichonyooka kama kilichopigiwa pasi kichwani. Mezani kwake palisimama kikombe cha shaba cha zamu bora ya mwaka. Wenzake walimwita Bi Kijani, na jina hilo alilivaa kama nishani.

"Wewe ndiye Kupe?" alisema bila kunyanyua macho. "Kwangu hakuna damu."

"Nina maswali."

"Na mimi nina simu za watu wanaokufa. Uliza haraka."

"Jumanne, ukiwa unamaliza zamu, uliigusa seva?"

"Seva iko juu, na funguo anazo yule bibi mwenye koti. Mimi nitaigusaje? Kwa miguu ya mjusi?"

Wapokeaji wawili walicheka. Alicheka nao kidogo, kisha akaufunga uso.

"Kuna yeyote wa zamu yako aliyezima au kuwasha kitu?"

"Hakuna. Zamu yangu haichezewi. Nakabidhi meza safi, mapipa matupu na ubao wa kijani. Kila siku. Waulize hawa kama wamewahi kunikuta nimeacha uchafu. Nenda kamuulize mwenzangu huko juu yeye anaacha nini."

"Mwenzako ni wifi yako."

"Ni mke wa kaka yangu. Hilo sikulichagua mimi." Sasa alinyanyua macho. "Unataka kumjua? Nikwambie. Mama yetu aliugua mwaka mzima, na nani aliyemgeuza kitandani? Mimi. Nani aliyemlisha kwa kijiko? Mimi. Yule alikuwa juu anaangalia mashine zake. Mtu asiyeweza kumuangalia mama mkwe ataangalia watu wa kawaida? Ameua mwalimu wa watu kwa ukaidi, na ukoo mzima nimeshauambia."

"Dada, basi."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwanamume mrefu aliyeshika redio ya mawasiliano mkononi, koti la kazi likining'inia begani. Ndiye aliyezunguka mitaa mitatu Jumanne ile.

"Basi nini? Nimesema uongo?"

"Sijasema umesema uongo. Nimesema basi."

"Unamtetea."

"Ni mke wangu. Wewe ni dada yangu. Mimi nikae wapi, darini?"

"Kaa unapojua," Bi Kijani alisema, akageukia simu yake.

Dereva alimtazama Kupe kama kwamba ugomvi wote ule ameuleta yeye. "Na wewe," alisema, "ukimaliza kutuchokonoa ufunge mlango."

Kupe hakufunga mlango. Aliomba kiti kwenye kona, akanyimwa, akaegemea ukuta. Alikuwa ameshapekua mashine na kuwahoji watu. Kilichobaki ni kutazama, maana yapo mambo ambayo mtu hayasemi kwa kuwa hajui kama ni mambo. Ukimuuliza mwenye nyumba leo umefanya nini, hatakwambia kwamba amefunga mlango.

Saa nane ilipokaribia, chumba kilibadilika. Zamu ya jioni ilianza kuingia, mmoja mmoja, ikasimama kando ya ukuta kwa adabu kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Zamu ya asubuhi ilisimama kwenye meza zake. Hakuna aliyetoa amri. Walifuta kibodi kwa vitambaa. Walimwaga mapipa. Vipokea sauti vya masikioni walivikunja nyaya na kuvitundika kwenye ndoano, vyote vikiangalia upande mmoja. Viti vilisukumwa chini ya meza mpaka migongo ikagusa ukingo. Bi Kijani alipita katikati ya safu akikagua, akapitisha kidole kwenye meza moja, akakitazama, akatikisa kichwa kuridhika.

Kisha akarudi mezani kwake, na mkono wake, bila yeye kuangalia, ukaenda kwenye pembe ya kibodi. Palikuwa na kitufe kimoja kilichofungwa utepe wa kijani, utepe uliochakaa kwa kubonyezwa. Alikibonyeza kwa kidole cha kati, kama mtu anayezima taa.

Ukutani, mwamba mwekundu ulitetemeka, ukashuka ukawa wa njano, ukashuka tena. Ukawa kijani kibichi.

"Nakukabidhi," alimwambia mkuu wa zamu ya jioni.

"Napokea. Mikono yako isichoke."

Kupe aliondoka ukutani.

"Kile kitufe ni cha nini?"

"Kitufe gani?"

"Ulichobonyeza sasa hivi."

Bi Kijani alimkodolea macho, kweli hajui. "Cha kusafishia. Kaweka bwana aliyekuwepo kabla ya huyu wa juu. Mkurugenzi alipobandika tangazo, yule bwana akatuwekea njia ya kuitii. Unakabidhije chumba kichafu?"

"Nilikuuliza kama umeigusa seva."

"Sikuigusa! Nimesafisha tu."

Simu iliita.

Mpokeaji wa zamu ya jioni alivaa vipokea sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, kubwa kiasi kwamba ilisikika mpaka kwenye ukuta: mama yake mzazi ameanguka bafuni, anatokwa na povu, haamki. Mpokeaji aliandika jina la mtaa. Akabonyeza. Kijiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Alibonyeza tena. Kwenye meza ya pili simu nyingine iliita, na kijiduara kingine kikaanza. Kwenye ya tatu hivyo hivyo.

"Usibonyeze tena!" Kupe alipaza sauti. "Hakuna mtu kubonyeza mara mbili. Mnaongeza foleni!"

"Wewe ni nani wa kutuamrisha?" mkuu wa zamu ya jioni alimjibu.

"Mama anakufa bafuni, tutajuana baadaye! Dereva! Chukua hiyo simu kwenye redio yako, mpigaji akuelekeze mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ondoka!"

Dereva, aliyekuwa bado mlangoni, hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Mpokeaji aliunganisha laini na redio, na sauti ya yule mwana ikatoka nje ya mlango pamoja na miguu ya dereva: pita msikiti, pita duka la rangi, geti la bati...

Kupe alishika simu ya ndani, akapiga juu.

"Shuka chini."

"Nimeshakwambia," Sindano alianza.

"Wamemwaga kumbukumbu kwa mkono, sasa hivi, mbele ya macho yangu. Kuna mtu sakafuni. Shuka."

Alishuka. Alikuja anakimbia, koti lake la sufu likipepea, akasimama kizingitini. Wifi yake alikuwa amesimama pale pale penye meza ya mkuu wa zamu, meza pekee inayoweza kufuta foleni ya wapokeaji. Wanawake wale wawili walitazamana, na chumba kizima kikawatazama.

"Nipishe," alisema Sindano.

"Meza yangu..."

"Nipishe, au nikupite juu!"

Bi Kijani alipisha. Sindano hakukaa. Aliandika akiwa ameinama, akaiamuru seva isome jedwali lote la anwani kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa mpigo mmoja, ili lirudi kwenye kumbukumbu badala ya kuchimbuliwa kidogo kidogo na kila mpigaji. Kisha akayafuta maombi ya kutafuta yaliyorudiwa, yale yaliyozaliwa na vidole vya papara. Kijiduara kimoja kilisimama, anwani ikatokea. Kikasimama cha pili.

Redio ikakwaruza. "Nimefika," ilisema sauti ya dereva, akihema. "Nimempata. Anapumua. Tunampandisha."

Mpokeaji alipokea simu iliyofuata.

*

Mkurugenzi alikuwa ameshashuka, sajini nyuma yake. Kelele zilimfikia juu kabla hajaitwa.

"Huyu anafanya nini hapa?" Mkurugenzi alimwonyesha Sindano. "Nani kampa ruhusa kugusa meza ya zamu?"

"Mimi," alisema Kupe. "Karatasi yako iko tayari. Naisema kwanza, nitaiandika baadaye. Seva yenu haina mwizi. Hujaza kumbukumbu yake kwa majina ya mitaa ili iyajibu upesi, na ikijaa ubao unakuwa mwekundu. Ukiwa mwekundu zamu inajieleza. Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi, zamu inaimwaga kumbukumbu yote ili upate rangi unayoipenda. Zamu mpya inakaa kwenye mashine isiyokumbuka hata mtaa wa hapo nje. Kwa muda wote mpaka ijikusanye tena, hakuna anwani. Katika muda huo ndipo mwalimu alipoanguka."

"Nani anamwaga?"

Macho yote yalienda kwenye utepe wa kijani.

Bi Kijani alikuwa bado ameunyoosha mgongo. "Jumanne nilisafisha kama kila siku," alisema. "Sijawahi kuacha..." Alikomea hapo. Mkono ukashika ukingo wa meza, kidole kile kile kilichokuwa kikitafuta vumbi. Aligeuka akatazama kikombe cha shaba, kisha mlango alikotokea kaka yake, kisha hakujua atazame wapi.

"Ukoo mzima umeshauambia," alisema Sindano. Hakupandisha sauti. "Anza upya. Anza na kaka yako."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

"Na wewe ulishuka lini ukaniuliza mimi nafanya nini?" Bi Kijani alilipuka. "Ulikuwa juu unajigandisha na koti lako, unanionea kinyaa! Kitufe kiko hapa hapa mezani. Ungeingia saa nane mara moja tu, ungeniona nikikibonyeza!"

Kupe aliona neno limemfika Sindano mahali pake. Lilikuwa la kweli.

Sajini alikohoa. "Samahani, mimi bado sijaelewa kazi yangu. Nimchukue nani?"

"Yeye!" Mkurugenzi alimnyoshea kidole Bi Kijani. Kidole kilikuwa kimehama bila haya, kama inzi. "Amekiri mwenyewe mbele yenu. Amechezea seva. Mchukue."

"Ametii," alisema Kupe. Alinyoosha mkono, akalibandua tangazo ukutani. Gundi ilichana rangi ya ukuta. Alimkabidhi sajini. "Hii ina sahihi. Aliyeitia sahihi alishaambiwa kwamba wekundu si ugonjwa, akajibu asifundishwe kazi. Taarifa yangu itaanzia hapo."

"Unataka kuniandika mimi? Mimi ndiye niliyekuita!"

"Ndiyo ubaya wa kumwita kupe."

Sajini alilisoma tangazo taratibu, akiisogeza midomo. Akalikunja mara mbili, akalitia mfukoni, akakifunga kifungo. "Tupande ofisini, mheshimiwa," alisema. "Labda chai imepatikana."

Mkurugenzi aliangalia chumba kizima, akitafuta mtu wa kumtetea. Zamu mbili zilikuwa zimesimama, ya kutoka na ya kuingia, na wote walikuwa wanaangalia meza zao. Alipanda ngazi mbele ya sajini. Mlio wa viatu vyake ulisikika mpaka juu.

Kazi ilirudi. Bi Kijani, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la kando ya meza, mikono mapajani, kilemba kimemlegea upande mmoja. Sindano alibaki amesimama akiangalia kwenye skrini seva ikijikusanya. Juu yao mwamba ulikuwa unapanda kadiri simu zilivyokuja, kijani kikageuka njano, njano ikaiva.

Dereva alirejea, akasimama mlangoni, akamwona mkewe na dada yake ndani ya chumba kimoja. Hakuingia.

Ubao ukawa mwekundu.

Mkono wa Bi Kijani uliondoka mapajani wenyewe. Hakuwa ameukusudia, macho yake yalikuwa sakafuni. Ulipita juu ya meza kuelekea pembe ya kibodi, kidole cha kati kimeshatangulia. Sindano aliudaka kifundoni, akaukaza. Hawakuwa wamegusana tangu makaburini.

"Uache," alisema. "Uache hivyo hivyo."

Bi Kijani alitazama vidole vilivyomshika. Hakuuvuta mkono.

Simu iliita. Mpokeaji aliandika jina la mtaa, na kabla hajaiondoa mikono kwenye kibodi, anwani ilikuwa imeshatokea. Dereva aliisoma kutoka mlangoni, akageuka, akakimbilia gari.